Tradi na Mupaka wa Lualaba

Kama unatafuta muntu mwenye kuogopa Leta, ile serikali yetu, kuliko kifo, usihangaike kwenda mbali. Alikuwa jirani yangu mu mutaa wa Kampemba, ukuta yetu ilikuwa moja. Tulimuita Tradi. Jina la munganga alilikataa, juu munganga ni ule wa hopitali, alisoma, iko na diplome na gari. Jina la nganga alilikataa na hasira, juu nganga njo ule wa fetishi, bantu banamuendeaka na jogoo mweusi mu saki. Yeye alikuwa tradipraticien, muntu wa mizizi na majani, tena mwenye karatasi. Yale maneno mawili, "mwenye karatasi", aliyatamka polepole, sawa padri anasoma Injili ya Pasaka.

Karatasi ile ilikuwa ruhusa ya Leta ya kutunza bantu. Bengine banapata ruhusa, banafurahi, banaanza kazi. Yeye alipata ruhusa, akaanza kuogopa. Nitaeleza namna woga yake ilibakisha kidogo tu kuniondolea mutoto yangu Ngalula, na mujukuu aliyekuwa mu tumbo yake. Lakini nitaenda kwa mizunguko, munisamehe. Masomo niliacha mapema, na muntu asiyesoma akinyoosha maneno sana, anafika mbele hajasema kitu.

Tuanze na kibao. Kila tradi mu muji huu iko na kibao ku mulango, na kibao inasema bintu anaponyesha: malaria, sukari, kaswende, ndoa, kukosa kazi, visa ya kwenda Ulaya. Kibao ya Tradi ilisema bintu hafanyi. HATUPIGI SINDANO. HATUPIMI DAMU. HATUPASUI. HATUTAFUTI MULOZI. HATURUDISHI BIBI ALIYEKIMBIA. Kila mara radio iliposema kuna tradi amefungwa fasi fulani, alitoka na burashi na rangi, akaongeza mustari. Mwisho kibao ilishuka karibu na chini, ile mistari ya mwisho kuku balikuwa banaidonoa. Siku moja papa mumoja mwenye kikohozi alisimama pale, akasoma yote, akageuka kwetu, akauliza bibi yangu, mama ya batoto bangu:

"Mama, sasa huyu musee anafanyaka nini?"

"Anaandikaka kibao," bibi yangu akamujibu.

Halafu nguo. Siku ya kumupa karatasi, bale ba ofisi balimuambia tradi hana haki ya kuvaa blouse nyeupe, juu bagonjwa banaweza kumuzania munganga. Muntu mwingine angevaa shati yake, mambo kwisha. Tradi alisikia "usivae nyeupe", akakaa anawaza ni rangi gani Leta haiionei wivu. Akachukua kanzu ya korali ya parokia, ya zambarau, ile bibi yake marehemu aliimbia sauti ya kwanza. Ilimuishia mu magoti. Mugonjwa aliingia na homa yake, akakuta musee wa ndevu nyeupe mu kanzu ya zambarau, anamuomba kwanza carte d'électeur, kadi ya kura. Nayua bantu baliponea pale pale, balitoka mbio.

Musifikiri ninamucheka tu. Ninamucheka, ndiyo. Lakini ile woga alikuwa ameinunua bei kali.

Mbele ya kupata karatasi, alikaaka ku commune ya Kenya, si ile inchi, ni mutaa mwingine wa muji wetu, mu nyumba ya kupanga nyuma ya garage moja. Pale kulikuwa na tradi mwenzake, muntu wa maneno mengi, alikuwa na chupa za rangi sawa duka ya pombe. Yule akamunywesha mama mumoja kitu, mama akakufa mbele ya jua kuzama. Polisi ilipokuya, tradi wa chupa alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Zambia. Sasa polisi haiwezi kurudi na gari tupu, hata weye unayua. Balikusanya kila muntu aliyekuwa na sufuria ya majani ku moto. Tradi alikuwa anachemusha mulenda wa kula. Alibaambia ni mulenda. Mumoja akaonja, akasema, "Ni mulenda, lakini panda gari." Balimuweka mu kashoti ya polisi na bezi ba kweli, na kule alikaa mpaka nduku zake balipotembeza mikono na feza. Alipotoka aliapa kwamba hatagusa hata jani ya mti bila Leta kujua. Ile habari aliniambia mara mingi, na kila mara kashoti ilikuwa na bantu bengi zaidi na mulenda ilikuwa na chumvi muzuri zaidi.

Kwa hiyo alipopata karatasi, hakuisoma sawa muntu anasoma ruhusa. Aliisoma sawa muntu anasoma hukumu.

Lakini mutazame na dunia yetu. Kule kule Kenya, nyuma ya soko, kuna nabii anayetunza bantu kwa simu. Ba Canada, ba Dubai, ba Afrika ya Kusini, bote banaweka mukono ku simu, yeye anapiga makelele huku, uvimbe unatoka kule. Hakuna inspecteur aliyemuuliza hata jina. Na ku kona yetu kuna kijana wa duka ya dawa, alikuwaka anauza batri za saa, sasa anauza antibiotique, mbili mbili, sawa karanga. Ukimuambia inauma huku, anakupa nyekundu. Ukimuambia inauma kule, anakupa nyekundu na njano. Nilimuuliza Tradi kama ile haimukasirishi.

"Nabii iko na Mungu," akasema. "Kijana wa duka iko na mujomba mu ofisi. Miye niko na karatasi tu."

Alikuwa na maneno ya namna ile. Ingine alisemaka: "Kifo haiombaki karatasi, njo maana miye ninaomba." Sikuelewa vizuri, na sidhani yeye alielewa, lakini ilisikika muzuri mu kanzu ya zambarau.

Nikuambie sasa kitu alichoweza kweli, juu kilikuwapo. Bamama ambao mimba zinatoka. Bibi amepoteza mbili, tatu, hopitali imempa vidonge na imemuambia atulie, mukwe wake amekwisha kuanza kutazama basichana bengine kwa ajili ya kijana yake. Yule mama alikuya kwa Tradi. Alimupa mizizi ya kuchemusha, ndiyo. Lakini nilikuwa nasikia juu ya ukuta, na kazi kubwa haikuwa mizizi. Aliita bwana na mama ya bwana, akabakalisha ku benchi, akabagombeza sawa batoto ba masomo. "Maji, nani anachota? Yeye? Na weye, mikono yako iliandikishwa mu museum?" Mama mukwe alirudi nyumbani akabeba bidon ya maji mwenyewe, juu alifikiri ni masharti ya dawa. Mimba ilikaa. Miye siyui kama ni mizizi ao ni ile bidon. Na mimba ikikaribia kukomaa, Tradi aliikataa. Alisema, "Hapa karatasi yangu inaishia, nenda ku maternité, kwa bazalishaji," na alisimama ku mulango kuona kama mama anapanda gari kweli. Ile njo alifanya vizuri, na ninaisema mbele ya Mungu.

Na sifa ile ilitembea. Bamama balianza kupiga simu toka mbali. Pale njo matatizo yakaanza.

Munayua, zamani kwetu ilikuwa Katanga moja. Kisha Leta ikaikata vipande vine, sawa mukate, na karatasi ya Tradi ilitoka nyuma ya kukatwa. Juu kabisa iliandikwa jimbo letu, Haut-Katanga. Tradi akaweka kidole pale, akawaza, akatoka na hukumu yake: hana haki ya kutunza muntu aliye inje ya jimbo. Likasi, ndiyo. Kambove, ndiyo. Kolwezi na Fungurume, ambazo siku mingi zilikuwa zetu, sasa ziko Lualaba, basi ni ugenini. Hakuna muntu wa ofisi aliyemuambia vile. Alijiambia mwenyewe, akajitii mwenyewe.

Na simu je? Alipiga hesabu ya simu pia. Alisema mugonjwa iko pale mwili yake iko. Kama mwili iko mu Haut-Katanga, simu ni halali. Kama mwili iko Lualaba, simu ni kosa. Kwa hiyo alipojibu simu, hakusalimia. Kwetu, muntu asiyesalimia ni muntu amekasirika ao amefiwa. Tradi aliitika na swali moja: "Uko fasi gani?" Mama anasema jambo papa, yeye anauliza uko fasi gani. Mama anasema naumwa, yeye anauliza uko fasi gani. Akisema Kolwezi, Tradi alisema, "Mungu akusaidie, mama," akakata.

Muntu mwenye akili angekasirika, angetafuta tradi mwingine. Lakini shiye bantu ba huku, ukitupa sheria ya kijinga, hatuikatai. Tunaizunguka na pikipiki. Bamama ba Lualaba balianza kusafiri mpaka ku njia, pale jimbo lao linaisha na letu linaanza, upande wa Kambove. Banavuka, banashuka, banatoa simu, banapiga: "Papa Tradi, niko Haut-Katanga." Banaeleza ugonjwa, banasikia dawa, banapanda pikipiki, banarudi kwao Lualaba. Pale fasi palianza kujaa. Mumoja akakuya na mayai ya kuchemusha. Mwingine akauza unités za simu. Kukawa na benchi, kukawa na kivuli cha bâche, ile turubai. Leta haikujenga hata kituo cha afya kimoja pale. Tradi alijenga kimoja bila matofali, na hakukionaka na macho yake.

Hakuna aliyeona ajabu. Mama mwenye mimba inayotaka kutoka, anayeambiwa na Tradi "mama, usitembee, lala", ilibidi kwanza aruke mashimo ya ile njia na pikipiki ili asikie neno "lala".

Hapa ningefaa kuingia mu habari ya Ngalula, lakini nisiposema habari ya ukuta sasa nitaisahau. Yule muntu wa mipaka, yule aliyeogopa kuvuka Lualaba kwa sauti yake tu, alijenga ukuta mupya kati yetu wakati nilikuwa nimelala hopitali na malaria, na aliujenga mu kiwanja, mu parcelle yangu. Niliporudi, muti yangu ya ndimu ilikuwa kwake. Nilimuuliza.

"Jirani, huu ukuta ulitembea?"

"Ni mvua," akasema. "Udongo ya Kampemba inasukumaka."

Kila musimu wa ndimu alituletea sahani imejaa, na alitaka tumushukuru. Tulimushukuru. Bibi yangu alimushukuru sana, na sauti ya juu, mpaka njia nzima isikie, na yeye aliinamisha kichwa, akarudi na sahani tupu.

Sasa Ngalula. Ni mutoto yangu wa tatu. Aliolewa Fungurume na dereva wa camion, malori ya mine, kijana muzuri, anasema kidogo. Alipoteza mimba mara tatu. Ya nne ilipoingia, mama yake alisema tusingoje, akaenda kwa Tradi na kumuomba. Tradi alikubali, kwa heshima ya jirani, labda na kwa heshima ya muti ya ndimu. Lakini masharti hakupunguza. "Aniitie toka Haut-Katanga," akasema. "Muko sawa nduku zangu, lakini Leta haina nduku."

Bwana yake alimupeleka ku mupaka kila Posho, ni kusema Jumamosi. Mwanzo ilikuwa rahisi. Tumbo ilipokua, kila shimo ya njia aliisikia mu mugongo. Akaniitia, akalia. Nikaenda kwa Tradi, nikamuambia, "Jirani, weye unamukataza kubeba sahani ya ugali, na unamupandisha pikipiki." Akanitazama na huruma ya kweli, macho yakamulowana, akasema, "Ninayua. Nimemuambia apande polepole."

Kumbe bamama ba Lualaba balikuwa bamekwisha kupata dawa ya kumuponyesha Tradi mwenyewe. Balikuwa banadanganya. Mama analala mu kitanda yake Kolwezi, anapiga simu, anasema, "Niko Kambove, papa." Tradi alishuku, akaanza kuomba ushahidi: "Nisikilizishe njia." Alitaka kusikia camion zinapita. Basi mama anatoa simu ku dirisha. Kama hakuna gari, bwana anawasha pikipiki ndani ya nyumba, anavuta gaz mbele ya simu. Mukwe wangu alifanya vile kwa Ngalula, nyumba yote ilijaa moshi, na Tradi alisikiliza, akatulia, akasema, "Sasa ninasikia uko mahali pa sheria."

Ilienda hivyo. Ngalula alilala kwake, tumbo ilikaa, kila muntu alikuwa na raha. Uongo ule ulikuwa dawa muzuri kuliko mizizi.

Sasa ile siku. Ilikuwa nyuma ya chakula cha muchana, jua kali, bwana yake alikuwa mu safari na camion. Ngalula alianza kutoka damu. Alikuwa peke yake. Mimba ilikuwa imekwisha kukaribia ile fasi Tradi anasemaka karatasi yake inaishia, na mu mwezi ule angekwenda maternité, lakini damu haikungoja. Akapiga simu kwa Tradi. Na mazoea ni mazoea: "Niko Kambove, papa. Niko na damu."

Miye ile saa nilikuwa ninashona sandali mu kivuli ya ukuta, na nilisikia yeye peke yake, sikuyua kama ni mutoto yangu anamuitia.

"Damu mingi? Lala chini. Lala pale pale, usitembee hata kidogo. Usikunywe kitu. Hapana, hapana, usinisikilizishe njia. Ninakutumia bantu. Ngoja pale."

Ile siku hakuomba camion. Ninaiweka upande wake muzuri, juu kuna siku ya kuhesabu.

Ku Kambove alikuwa na shemeji, dada ya marehemu bibi yake, infirmière, muuguzi ku kituo cha afya. Alimuitia. Yule mama aliacha kazi, akapata gari ya kituo, akatoka mpaka ku ile bâche ya mupaka kutafuta mama anayetoka damu. Alikuta bauzaji ba mayai. Akauliza, bakamuambia leo hakuna mama aliyelala hapa. Akaenda mbele, akarudi, akatazama mu majani pembeni ya njia. Wakati ule Ngalula alikuwa mu chumba yake Fungurume, na hopitali iko karibu, angefika kwa pikipiki ya jirani mbele ya kumaliza kusali Baba Yetu mara chache. Lakini Tradi alimuambia alale, asitembee, bantu banakuya. Akalala. Akangoja bantu ambao balikuwa banamutafuta mu jimbo ingine.

Shemeji akaitia Tradi: hayuko. Tradi akaitia Ngalula: "Gari haijafika?" Ngalula, sauti ndogo: "Bado, papa." Hakuweza kusema. Angesema nini? Kwamba miezi yote ile alimudanganya? Aliogopa atamukatia simu, abaki peke yake na damu.

Pale njo Tradi aliingia kwangu. Hakupita ku mulango, alipanda juu ya ule ukuta wake, na kanzu ya zambarau ikapasuka ku vipande vya chupa alivyopandika mwenyewe juu yake. Akasimama mbele yangu na simu mu mukono.

"Mutoto yako iko fasi gani?"

"Juu ya nini?"

"Iko na damu. Kambove hayuko. Niambie kweli, jirani, iko fasi gani?"

"Iko kwake. Fungurume. Anakuitaka toka kwake."

Akakaa chini, mu udongo, na kanzu yake. Alinitazama sawa ni miye nimevuka mupaka. Nikamuambia, "Muitie basi, muambie aende hopitali ya kule." Akatazama simu. Ninawaambia kitu nilichoona, siongezi: kidole yake ilikuwa juu ya namba ya mutoto yangu, na haikushuka.

"Fungurume ni Lualaba," akasema.

Bibi yangu alikuwa ametoka mu jiko. Alikuwa na mwiko mu mukono, na nilifikiri atamupiga. Hakumupiga. Alisema polepole, "Papa, mutoto anakufa."

Tradi akanisukumia simu. "Ongea weye. Weye ni baba yake, baba hana jimbo. Miye nitaongea na weye."

Na hivyo njo tulifanya. Yeye alikaa mu udongo ya Kampemba, anasema na miye, jirani yake wa halali, na miye nilikuwa na simu ku sikio. Alisema, "Aamuke." Nikasema, "Ngalula, amuka." Alisema, "Aite jirani mwenye pikipiki, hapana, gari, atafute gari." Nikasema, "Gari, mama, piga makelele bakusikie." Alisema, "Aende hopitali sasa, asiseme ameonwa na tradi, hapana, aseme, aseme majani gani amekunywa, banganga banahitaji kuyua." Akataja majani. Nikayataja. Kila neno lilikaa kwangu kidogo, likapumua, kisha likavuka mupaka na mudomo yangu. Mu macho ya sheria yake, siku ile alitunza miye. Niliponyeshwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Balimupasua jioni ile ile. Mutoto alitoka mudogo, sawa mukate ya franka kidogo, analia kidogo, lakini analia. Mama yake alibaki dunia hii.

Munafikiri Tradi alifurahi, akasahau? Alifurahi. Kisha Juma Tatu alivaa suti, akaenda kujishitaki. Mwenyewe. Nilimusindikiza, juu nilitaka kuona. Ofisi ya kwanza, akasimama, akasema, "Maneno yangu ya dawa yamevuka jimbo mu kinywa cha jirani." Yule wa ofisi alitafuta mu vitabu yake, akasema mambo ya simu hayamo, kitu kisichoandikwa kinaruhusiwa, musee arudi nyumbani. Tradi hakutosheka. Ofisi ya pili, mama wa miwani akasema kitu kisichoandikwa kinakatazwa, na ashukuru Mungu hakuna muntu aliyemuona. Ile ilimutuliza kidogo, alipenda kukatazwa. Ofisi ya tatu, mukubwa mwenye kiti cha kuzunguka alisikiliza yote, akafunga mulango, akasogeza kiti.

"Papa, bibi yangu, mimba zinatoka," akasema. "Iko Kolwezi. Unaweza kumuitia?"

Tradi akasimama, akafunga kifungo cha suti. "Mukubwa, Kolwezi ni Lualaba," akasema, na tulitoka. Nilicheka mpaka Kampemba, peke yangu.

Mara ya mwisho nilimuona vizuri, nataka kusema kumuona na kumusikia, ilikuwa wakati Ngalula alikuya kutusalimia na mutoto. Mutoto alikuwa amekwisha kukaa peke yake, na mashavu, na hasira ya mama mukwe. Ngalula alisema twende kwa Papa Tradi, si vizuri kupita. Tulimukuta inje, amezeeka, miguu imevimba, kibao bado iko. Alisalimia, ile siku alisalimia vizuri, na akaomba mutoto. Ngalula akamukalisha mu magoti yake. Mutoto akashika ndevu, akavuta. Tradi akakubali kuvutwa. Alileta munkoyo, kinywaji cha mahindi, tukakunywa, tukaongea bei ya bunga ya ugali, tukaongea habari ya shemeji yake wa Kambove ambaye bado anamukasirikia juu ya kumutafutisha muntu mu majani.

Kisha Ngalula akauliza. Hakuuliza na ubaya. Aliuliza sawa muntu anauliza njia.

"Papa Tradi, ile siku, kama ningekuambia kweli mara ya kwanza, kwamba niko Fungurume na niko na damu. Ungenijibu?"

Nilimutazama. Nilitaka aseme ndiyo. Ilikuwa neno ndogo, haikuomba stempu, na hakuna muntu angeenda kuipima. Hata miye, mwenye ukuta iliyohama, nilikuwa nimekwisha kumutayarishia ile ndiyo mu kichwa yangu.

Mutoto alikuwa anavuta ndevu.

"Hapana," akasema.

"Hata na damu?"

"Ningekata simu. Ningeenda kukuombea kanisani. Lakini ningekata."

Ngalula akaitika na kichwa. Akaweka kopo ya munkoyo chini, akapangusa mikono ku kitenge. Akasimama, akatoa vidole vya mutoto mu ndevu, kimoja kimoja, asimuumize musee. Akamubeba ku mugongo, akakaza kitenge.

"Aksanti kwa munkoyo, papa," akasema. "Mubaki na amani."

Akatoka. Tulimusikia anasalimia bantu mu njia, sauti yake ya kawaida.

"Amekasirika," Tradi akasema.

"Ndiyo."

"Nilimudanganya?"

"Hapana."

"Unaenda na weye?"

"Nitakaa kidogo."

Akaniongezea munkoyo, kisha mikono yake ikarudi mu magoti, imefunguka, sawa vile mutoto alikuwa bado amekaa pale.